Mikono ya Mwingine

Leo nimekunja mashuka mia nne na kumi
katika ufuaji wa hospitali ya Kemi,
ncha kwa ncha, pindo kwa pindo,
hadi vidole vikasahau kuwa ni vyangu.
Nje theluji imefika kwenye kitasa,
na jua liliaga tangu saa nane mchana.

Nyumbani navua buti, nachemsha chai,
nakata mkate mweusi,
nafungua kompyuta. Ondrej yupo.
Yeye yuko Košice, kijana wa ndevu haba,
na paka wake anapita mbele ya kamera mkia juu
kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.
Anacheza. Namtazama akicheza.
Basi. Hiyo ndiyo starehe yangu, wala sitafuti wakili.

Kaka yangu Tuomo, dereva wa lori la magogo,
hunicheka simuni:
"Saija, mtu mzima! Unamtazama mwenzio akila,
kisha unajipangusa mdomo?"
Namwambia macho hayana pazia.
Namwambia, wewe na mpira wako wa barafuni,
lini uliwahi kushika gongo?
Anakohoa. Anabadili gia.

Nilianza zamani, nikiwa na miaka saba,
chumbani kwake, mgongo ukutani,
nimeshika rimoti ya pili
ambayo waya wake haukuchomekwa popote.
Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua.
Nilibonyeza hata hivyo,
na mtu wetu mdogo akaruka shimo,
na Tuomo akasema, "Umeona? Tumeruka."
Tumeruka!
Nililala nalo neno hilo kama mtoto na peremende shavuni.

Mcheza kwao hutunzwa.
Ondrej hachezi kwao wala kwetu,
na sarafu zinamdondokea kutoka kwa watu asiowajua;
kila mmoja humsoma jina kwa sauti.
Hapo nazima sauti. Sipendi shukrani yenye bei.
Na ziko siku sifungui kabisa:
akianza mayowe ya kujitia hofu
najiona mjinga aliyelipia kiti
katika sebule isiyo na mlango.

Usiku huu amechagua mchezo ule ule,
ngome chini ya ziwa, taa tatu, mlango wa shaba.
Hatukuwahi kuuvuka. Mashine iliuzwa
mwaka ule baba alipoachishwa kazi,
ikaondoka ndani ya boksi la ndizi, waya zikining'inia.
Ondrej anasita. Anarudi nyuma. Anaelekea kushoto.
Nampigia Tuomo. Yuko barabarani, kizani, na magogo yake.
"Amefika mlangoni," nasema.
Haulizi nani. Haulizi mlango upi.
"Asiende kushoto! Kushoto kuna maji.
Aizime kwanza taa ya kati."

Kimya. Vifuta kioo vinakwenda, vinarudi.
Miaka thelathini, na bado anajua taa ipi.
"Ndiyo sababu sitazami," anasema taratibu.
"Vidole vinaniwasha. Mtu anakosea mbele yangu,
nami ni kama nimefungwa kamba."
Natazama vyangu, vimelala juu ya kikombe,
vimechubuka kwa sabuni, havimdai mtu chochote.
Kumbe tulikaa kitanda kimoja
kila mtu na njaa yake.

Sikumwandikia Ondrej. Nilimwacha azame,
mara moja, mara mbili,
huku nikimsimulia Tuomo kila hatua,
naye akiguna, akisonya, akimtukana kijana wa watu
kwa maneno ambayo mama angempigia kofi.
Mara ya tatu kijana akasimama chini ya taa ya kati.
Nikasikia breki za lori zikishusha pumzi,
injini ikazimwa.

"Sasa je?"
"Ngoja. Paka amepanda mezani.
Amekalia vitufe."
"Mkubwa?"
"Mkubwa."
Akacheka, safari hii si mimi aliyenicheka.
"Basi," akasema, "tungoje."